Mshale, Haradali na Pumzi: Kusoma Visa vya Kibudha katika Saikolojia ya Kisasa kutoka Bujumbura

Ikisiri

Makala hii inahakiki namna saikolojia ya kisasa ilivyozipokea fikra za Kibudha, na inauliza fikra hizo zinabeba nini zinaposemwa kwa Kiswahili mbele ya msikilizaji wa Burundi aliyepitia vita na misiba. Data yake ni visa vitatu vya Kibudha: kisa cha mtu aliyechomwa mshale wenye sumu, kisa cha Kisa Gotami na punje ya haradali, na kisa cha Angulimala. Visa hivyo vinasomwa sambamba na utenzi wa Al-Inkishafi na msamiati wa Kiswahili wa pumzi, nafsi na kumbukumbu. Makala inadai kwamba saikolojia imechukua kutoka katika Ubudha mbinu ya kutuliza na kuacha nyuma masimulizi yanayoieleza mbinu hiyo. Na kwamba mfasiri wa Kiswahili, kwa sababu ya utajiri wa lugha yake, anaweza kurudisha sehemu ya kilichoachwa. Inapendekeza pia kwamba neno "kukubali", linalotumika sana katika mafunzo ya ushauri nasaha, liachiwe nafasi na neno "kutambua".

Istilahi muhimu: uzingatifu, nafsi, kumbukumbu, tafsiri, majeraha ya nafsi, Al-Inkishafi

1. Utangulizi

Kinyarwanda na Kirundi vina neno "ihahamuka". Neno hili, lililoenea hasa nchini Rwanda baada ya mwaka 1994, hutaja hali ya mtu ambaye hofu ya yaliyopita humrudia ghafla akashindwa kupumua. Watafiti wa afya ya akili hulihusisha na jina la mapafu. Wataalamu wa Ulaya waliolitafutia neno la kufanana nalo waliishia kwenye neno la Kigiriki lenye maana ya jeraha. Tofauti hiyo si ndogo. Jeraha huwa mahali fulani mwilini, nalo huweza kufunikwa kwa bandeji. Pumzi haikai mahali pamoja. Anayeipoteza hupoteza kila kitu kwa wakati mmoja.

Tunaanza na neno hilo kwa sababu tiba mojawapo inayofundishwa leo katika vituo vya ushauri nasaha ulimwenguni ni tiba ya pumzi: mtu huketi, hufumba macho, huifuata pumzi yake inavyoingia na kutoka, na kila wazo linapomjia huliacha lipite. Chimbuko la zoezi hili ni mafundisho ya Buddha, hasa hotuba mbili za lugha ya Kipali, moja kuhusu uzingatifu wa pumzi na nyingine kuhusu misingi minne ya uzingatifu, yaani mwili, hisia, moyo na mambo yanayoujia moyo. Limesafiri kutoka India hadi hospitali za Marekani, na kutoka huko linarudi katika Afrika kwa Kiingereza na Kifaransa. Mwanasaikolojia wa Bujumbura hulisoma kwa Kifaransa kwa jina la "pleine conscience", kisha humweleza mgonjwa kwa Kirundi au, akiwa Buyenzi au Rumonge, kwa Kiswahili.

Swali la makala hii ni la uhakiki wa matini wala si la utabibu. Je, ni nini kilichosemwa mwanzoni, ni nini kilichobaki njiani, na Kiswahili kinaweza kusema nini? Jambo linalohakikiwa linawahusu watu walio hai. Neno lililofasiriwa vibaya katika shairi humpotosha msomaji. Likifasiriwa vibaya mbele ya mtu aliyefiwa katika mauaji ya 1972 au ya 1993, huweza kumwambia kwamba maumivu yake ni kosa lake.

2. Safari ya fikra na mahali pa Kiswahili

Ipo dhana kwamba Afrika Mashariki imeingia katika mazungumzo haya juzi. Historia inaonyesha vingine. Mnamo 1925 Carl Gustav Jung, mmoja wa waasisi wa saikolojia ya kina, alifika Mombasa, akapanda treni hadi Nairobi, akaendelea hadi Mlima Elgon kwenye mpaka wa Kenya na Uganda. Katika kumbukumbu zake alizozisimulia uzeeni anaeleza kwamba alizungumza na wakazi wa mlima huo kwa Kiswahili kidogo alichokuwa nacho, akisaidiwa na kamusi. Anasimulia pia kwamba alipomuuliza mganga mmoja mzee kuhusu ndoto, mganga alimjibu kwa majonzi kwamba tangu Waingereza waingie nchini ndoto zimekoma: zamani ndoto za waganga ziliijulisha jamii kuhusu vita, maradhi na mvua, na sasa mkuu wa wilaya ndiye ajuaye yote.

Jung aliisoma jibu hilo kama dalili ya utamaduni unaofifia. Msomaji wa leo anaweza kuona jambo lingine, kwamba mganga alikuwa akitoa nadharia ya saikolojia. Alikuwa anasema kwamba yanayotokea ndani ya mtu hayatengani na nani anatawala nje yake. Tutairudia nadharia hiyo.

Mwaka 1938 Jung alikuwa India, na anaeleza jinsi alivyoguswa sana mahali patakatifu pa Wabudha pa Sanchi. Mwaka 1939 aliandika dibaji ya kitabu cha D. T. Suzuki kuhusu Zen. Mwaka 1957 Erich Fromm na Suzuki walikutana na wanasaikolojia wengine Cuernavaca, Mexico, na mazungumzo yao yakazaa kitabu cha mwaka 1960 kuhusu Zen na uchanganuzi wa nafsi. Hata hivyo, aliyeupeleka uzingatifu hospitalini ni Jon Kabat-Zinn, aliyeanzisha mwaka 1979 katika Chuo Kikuu cha Massachusetts programu ya wiki nane kwa wagonjwa wenye maumivu sugu. Baadaye John Teasdale, Mark Williams na Zindel Segal waliiunganisha mbinu hiyo na tiba ya mawazo ili kuzuia huzuni kubwa isirudi. Katika jaribio lao lililochapishwa mwaka 2000, lililohusisha wagonjwa 145, wale waliokuwa wameugua mara tatu au zaidi na wakapata mafunzo hayo walirudiwa na ugonjwa kwa asilimia 37, ilhali wenzao waliopata huduma ya kawaida walirudiwa kwa asilimia 66. Kwa waliougua mara mbili tu, mafunzo hayakuonyesha faida.

Takwimu hizo zinafundisha mambo mawili. Kwanza, mbinu hii si uganga wa maneno; inaponya baadhi ya watu. Pili, haiponyi kila mtu, na wenyewe walioiunda ndio waliosema hivyo. Tahadhari hiyo inatuhusu kwa karibu. Jaribio la tiba ya shuleni lililofanywa hapa Burundi kwa watoto 329 walioathiriwa na vita, na kuchapishwa mwaka 2014, halikuonyesha nafuu ya jumla kwa watoto waliotibiwa kuliko waliosubiri. Tiba hiyo haikuwa ya uzingatifu, lakini somo lake ni pana: kilichofaulu kwingine hakifaulu kwetu kwa kuhamishwa tu.

Wakati huohuo Ubudha wenyewe, si kivuli chake cha hospitalini, upo Afrika Mashariki. Dar es Salaam kuna hekalu lililoanzishwa na Wasinhala waliotoka Sri Lanka. Karibu na Entebbe kuna Kituo cha Ubudha cha Uganda, kilichoanzishwa mwaka 2005 na mtawa Mganda, Bhante Buddharakkhita, ambaye mwaka uliofuata alitoa kitabu kuhusu kuchipuka kwa Ubudha barani Afrika. Hatuna sababu, basi, ya kuzisoma fikra hizi kana kwamba mlango wake pekee ni Massachusetts.

3. Uzingatifu au kumbukumbu?

Neno la Kipali ambalo linafasiriwa kuwa uzingatifu ni "sati". Asili yake, sawa na neno la Kisanskriti "smriti", ni kukumbuka. Mwaka 1881 T. W. Rhys Davids alilifasiri kwa neno la Kiingereza "mindfulness", na tangu hapo maana ya kumbukumbu ikaanza kufifia. Kabat-Zinn alipolieleza kwa wagonjwa wake alilifanya kuwa kuelekeza akili kwenye wakati huu uliopo, kwa makusudi, bila kuhukumu. Maelezo hayo yanatumika vizuri kwa mtu ambaye akili yake imetekwa na kazi ya kesho. Lakini yamemwacha nje mtu ambaye kazi yake kubwa ni kukumbuka.

Kifaransa kimeongeza tatizo lake. "Conscience" katika lugha hiyo ni ufahamu na pia ni dhamiri. Mwanafunzi wa Bujumbura anayesema "ufahamu kamili" kwa kufuata Kifaransa huwa ameahidi kitu ambacho hakuna binadamu anacho. Na akiteleza akasema "dhamiri kamili" huwa amemfikisha mgonjwa mahakamani. "Umakinifu", unaotumiwa na baadhi ya waandishi wa Kiswahili, unaelekea zaidi kwenye bidii ya mwanafunzi darasani. "Uzingatifu" ni bora kwa sababu kuzingatia ni kuliweka jambo moyoni na kuliangalia. Bado, hata neno hili halina kumbukumbu ndani yake.

Kiswahili kina msaada ambao Kiingereza na Kifaransa havina. Kina "dhikri". Muumini wa Buyenzi anajua kwamba dhikri ni kukumbuka na kutaja, na kwamba hufanywa kwa ulimi, kwa moyo na mara nyingi kwa mwendo wa pumzi. Hatusemi kwamba dhikri na sati ni kitu kimoja. Dhikri humkumbuka Mwenyezi Mungu; sati haina anayekumbukwa wa namna hiyo, na kuzichanganya ni kuzikosea heshima dini zote mbili. Tunasema jambo dogo zaidi: kwamba msikilizaji wa Kiswahili ana mfano hai wa kukumbuka ambako ni zoezi, kunakotuliza pumzi bila kudai usahaulifu. Mkufunzi anayejua hilo hatamwambia mtu "acha yaliyopita, kaa katika sasa". Atamwambia kwamba katika sasa hii anaweza kukumbuka bila kuzama.

4. Nafsi, moyo na Al-Inkishafi

Fundisho la Kibudha linalowasumbua zaidi wafasiri ni "anatta", yaani kwamba hakuna nafsi ya kudumu. Saikolojia ya kisasa imelilainisha: mawazo yako si wewe, hasira ni wingu linalopita. Tukilifasiri neno kwa neno tutasema "huna nafsi". Tuifikirie sentensi hiyo mbele ya msikilizaji wetu. Katika Kiswahili, nafsi ni utu wa ndani, ni mtu mwenyewe, na ni kile ambacho mtu hujiapia. Mtu aliyewahi kufukuzwa kwake, au kuhesabiwa si kitu kwa sababu ya kabila lake, amekwisha kuambiwa kwa vitendo kwamba hana nafsi. Tiba haiwezi kuanza kwa kulirudia tusi hilo kwa sauti ya upole.

Hapa msamiati wetu unatoa njia. Nafsi ni neno la mzizi wa Kiarabu uliozaa pia neno la pumzi, na kutoka katika mzizi huohuo Kiswahili kimepata "nafasi". Roho nayo ina udugu na upepo. Upande wa Kibantu, "pumua", "pumzi" na "pumzika" ni ndugu wa tumbo moja: kwa Mswahili, kupumzika ni kupata pumzi. Kwa hiyo, badala ya kusema kwamba nafsi haipo, Kiswahili kinaweza kusema kwamba nafsi inahitaji nafasi. Kwamba kati ya mtu na hofu yake panaweza kupatikana mahali pa kupumua. Huo ni ukweli mdogo kuliko fundisho zima la anatta, na mtawa wa Entebbe angeweza kutukumbusha kwamba hatujafika. Lakini ni hatua ya kweli, na haimvunji anayeipiga.

Kuhusu fundisho la kwamba vyote hupita, fasihi yetu haina haja ya kukopa. Utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir, uliotungwa takriban miaka 200 iliyopita, ni tafakuri ndefu juu ya kupita kwa dunia. Mshairi anaugeukia moyo wake mwenyewe, anausuta kwa kudanganyika, kisha anauongoza katika magofu ya Pate: nyumba zilizokuwa na taa na vyombo vya kaure sasa ni makao ya popo na wadudu, na wakubwa waliolala juu ya vitanda vya fahari sasa wamo kaburini. William Hichens, aliyeuhariri mwaka 1939, aliupa kwa Kiingereza jina la kuamka kwa roho. Buddha maana yake ni aliyeamka.

Ulinganisho huu una mipaka, na mipaka hiyo ndiyo yenye faida. Misingi minne ya uzingatifu nayo humwagiza mtawa aitazame maiti inavyooza hatua kwa hatua na ajue kwamba mwili wake utafikia hapohapo. Matini zote mbili zinamwonyesha msomaji mwili unaoharibika. Lakini Al-Inkishafi inaelekea kwenye hukumu ya Akhera, na moyo unaamshwa ili ujiandae kujibu. Hotuba ya Kibudha inaelekea kwenye kuachilia, na haina hakimu. Saikolojia ya kisasa imeondoa vyote viwili: haina Akhera, wala haina ukombozi wa kuacha tamaa, inabaki na nafuu. Nafuu si kitu cha kudharauliwa. Ila msomaji aliyelelewa na Al-Inkishafi huuliza swali ambalo programu ya wiki nane haikujiandaa kulijibu: baada ya kutulia, nitajibu nini, na mbele ya nani?

5. Visa vitatu

Kisa cha kwanza kinatoka katika hotuba iliyomo kwenye mkusanyo wa hotuba za kadiri. Mtawa mmoja anamdai Buddha majibu: je, ulimwengu una mwisho au hauna? Buddha anamjibu kwa mfano wa mtu aliyechomwa mshale wenye sumu. Ndugu zake wanamletea tabibu, naye anakataa mshale usichomolewe mpaka ajue nani aliyeupiga, wa tabaka gani na ukoo gani, mrefu au mfupi, wa kijiji kipi. Mtu huyo, anasema Buddha, atakufa kabla hajayajua hayo.

Kisa hiki kinapendwa na wakufunzi wa tiba. Kikisimuliwa Bujumbura, kila neno lake lina uzito mwingine. Hapa yupo mtu anayeuliza kwa kweli nani aliyempiga mshale, wa ukoo gani, mrefu au mfupi. Ni swali hilohilo lililofanya Tume ya Ukweli na Maridhiano iundwe mwaka 2014. Kumwambia kwamba swali lake linamchelewesha kupona ni kutumia kisa vibaya, na kosa hilo linaonekana katika matini yenyewe: Buddha alikuwa anajibu swali la kifalsafa juu ya mwisho wa ulimwengu. Hakuwa anamjibu mjane. Mfano ukihamishwa kutoka katika swali lake na kupachikwa kwenye swali lingine hubadilika kuwa amri ya kunyamaza. Na kunyamaza tunako kwa wingi: methali ya nchi hizi mbili husema kwamba machozi ya mwanamume hutiririkia tumboni. Kinachobaki cha mfano huo ni cha thamani, nacho ni hiki: kuchomoa mshale na kumtafuta aliyeupiga ni kazi mbili, na ya kwanza haipaswi kuingoja ya pili. Hakuna kinachosema kwamba ya kwanza inaifuta ya pili.

Kisa cha pili ni cha Kisa Gotami. Mtoto wake amekufa. Amembeba akitafuta dawa. Buddha anamwagiza alete punje ya haradali kutoka katika nyumba ambayo hajawahi kufa mtu. Gotami anabisha mlango baada ya mlango. Haradali ipo kila nyumba. Nyumba isiyo na msiba haipo. Mwishoni anamwacha mtoto apumzike, anarudi bila punje, na anajiunga na watawa.

Wakristo na Waislamu wa Burundi wataitambua punje ya haradali. Wa kwanza kutoka katika Injili, wa pili kutoka katika Kurani, na pande zote ikiwa kipimo cha udogo. Lakini zaidi wataitambua ile safari ya mlango kwa mlango. Katika mtaa wowote wa Bujumbura, Gotami angerudi mapema. Wahakiki wengi hukisoma kisa hiki kama somo la kukubali kifo. Tunapendekeza kukisoma kwa kuangalia tendo lake. Buddha hamhubirii Gotami. Anamtuma kwa majirani. Kila mlango unaofunguliwa, mtu mwingine anasema nani alikufa pale. Tiba haimo katika wazo la kwamba wote hufa, ambalo Gotami hakika alilijua, bali katika kusikia na kusikilizwa. Saikolojia ilipokichukua kisa hiki ilichukua wazo na kuacha milango. Ilimketisha Gotami peke yake juu ya mto, macho yamefumbwa.

Kuna pengo pia, na uaminifu unatutaka tulitaje. Wafu wa kisa hiki walikufa kwa maradhi na uzee. Hakuna mlango ambao Gotami aliufungua akamkuta aliyemuua mtoto wake. Huku kwetu mlango huo upo, na mara nyingine ni wa jirani.

Ndipo kinapohitajika kisa cha tatu, ambacho vitabu vya tiba hukitaja kwa nadra. Angulimala ni muuaji aliyevaa mkufu wa vidole vya aliowaua. Anakutana na Buddha, anaacha silaha, anakuwa mtawa. Mfalme anakuja na askari kumtafuta, anamkuta amenyoa kichwa, na anamwacha. Kikiishia hapo, kisa hiki kingekuwa cha msamaha rahisi, nao walionusurika wangekuwa na haki ya kukikataa. Hakiishii hapo. Angulimala anapoingia mjini kuomba chakula, anapigwa mawe na magongo. Anarudi damu ikimchuruzika, bakuli limevunjika, vazi limechanika. Buddha hawalaani waliompiga. Anamwambia Angulimala avumilie, kwa kuwa hayo ni matunda ya aliyoyatenda.

Angulimala amebadilika kweli, na matini haina shaka na hilo. Hata hivyo mabadiliko yake ya ndani hayamfutii deni la nje. Hapa Ubudha unakutana na mganga wa Elgon: yaliyo ndani hayatengani na yaliyo nje. Na hapa ndipo uhakiki wa Ronald Purser katika kitabu chake cha mwaka 2019, kwamba uzingatifu wa kisasa umegeuzwa kuwa njia ya kumfanya mtu avumilie hali badala ya kuihoji, unapopata ushahidi kutoka ndani ya mapokeo yenyewe.

6. Kukubali, kukiri, kutambua

Tunalipeleka hoja kwenye neno moja. Katika mafunzo ya ushauri nasaha husemwa kwamba mgonjwa ajifunze "kukubali". Kiswahili kina maneno kadhaa katika eneo hili, nayo hayabadilishani. Kukubali ni kuridhia; mchumba hukubali posa. Kukiri ni kusema kwamba jambo ni kweli hasa likiwa linakuelemea. Mkosaji hukiri kosa. Kuvumilia ni kubeba bila kuanguka. Kutambua ni kuona kitu na kukijua kwa jina lake. Katika Kirundi "kwemera" hubeba kuamini, kukubali na kukiri kwa pamoja, jambo linaloongeza hatari ya mkorogano mkufunzi anapovuka kutoka lugha moja hadi nyingine.

Aliyenusurika akiambiwa "kubali yaliyotokea", anasikia kwamba ameombwa aridhie. Kinachotakiwa na hotuba ya misingi minne si hicho. Hotuba hiyo inamwagiza mtawa anapopata hisia chungu ajue kwamba anapata hisia chungu. Kujua huko ndiko kutambua. Kwa hiyo tunapendekeza: kwa aliyeumizwa, tusema kutambua; kwa aliyeumiza, tuseme kukiri, na kisa cha Angulimala kinaongeza kuvumilia matokeo. Kukubali tukuachie makubaliano, ambayo hayana budi kuwa na pande mbili.

Pumzi nayo inahitaji tahadhari ya namna hii. Mtu ambaye hofu humjia kwa kukosa pumzi anaweza kuzidishiwa hofu anapoagizwa afumbe macho na kuifuata pumzi ileile; waandishi wa tiba ya majeraha, akiwemo David Treleaven katika kitabu chake cha mwaka 2018, wamelionya hilo. Neno ihahamuka lingeweza kuwaonya mapema zaidi, kama wangeliuliza. Msingi wa kwanza wa hotuba ni mwili mzima, ukiwemo kutembea, kusimama na kuketi. Mkufunzi ana ruhusa ya matini yenyewe kuanza na nyayo zinazogusa udongo, macho yakiwa wazi na jirani akiwa karibu, na kuiacha pumzi ije baadaye kwa wakati wake.

7. Hitimisho

Makala imeonyesha kwamba fikra za Kibudha zilipoingia katika saikolojia ya kisasa zilipungua kwa njia tatu: kumbukumbu ilitolewa katika uzingatifu, majirani walitolewa katika msiba wa Gotami, na deni lilitolewa katika uongofu wa Angulimala. Kilichobaki kinatibu, na hatuna sababu ya kukikataa. Lakini Burundi ni mahali ambapo vitu hivyo vitatu, kumbukumbu, majirani na deni, ndivyo kiini cha ugonjwa na pengine cha dawa.

Kazi inayofuata ni ya wanaisimu, wahakiki na wanasaikolojia wakiwa pamoja: kuandaa istilahi za Kiswahili za ushauri nasaha kwa kuwasikiliza kwanza wanaozitumia Buyenzi, Rumonge, Uvira na Kigoma, na kuzipima kwa visa, si kwa kamusi pekee. Mkufunzi atakayesimulia kisa cha haradali asimwache msikilizaji wake ameketi peke yake. Amwambie kwamba Gotami alipona akiwa njiani, kati ya mlango na mlango, na kwamba kila aliyemfungulia alimpa nafasi ya kusema jina la mtoto wake.